Bahari wanaijua, mto je?

SWALI: Halati, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Bamburi. Mkubwa ana miaka 11, wa kati 7, na kitinda mimba ana 4. Mume wangu ameonyeshwa picha na mwenzake kazini, wamevaa kofia ngumu, wako ndani ya boti la mpira mtoni Sagana, na tangu siku hiyo nyumbani hakuna mazungumzo mengine. Anataka likizo ya Desemba twende sote watano, tulale mahemani siku mbili, kisha tuingie mto Tana. Nikimwambia watoto bado wadogo, ananijibu kwamba hawa ni watoto wa pwani, kuogelea wamekujua kabla ya kusoma. Na ni kweli, hata huyu wa miaka 4 anaelea. Mama mkwe naye anasema tumerukwa na akili. Sitaki kumvunja moyo mume wangu, wala sitaki kulala naota maji. Wewe umeshasafiri na wanao huko bara. Twende au tusiende?
Mama wa Watatu, Bamburi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nendeni. Ila si Desemba, na si nyote watano ndani ya boti.

Nianze na hilo la watoto wa pwani, maana ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Mimi nimekulia Kibokoni. Maji yakijaa tulikuwa tukijirusha baharini karibu na Ngome, wasichana kwa wavulana, na hakuna aliyetufundisha. Nilidhani najua maji. Kumbe nilichokijua ni bahari, tena bahari ya kwetu, iliyokingwa na mwamba, yenye saa zake za kujaa na kupwa. Maji ya chumvi yanakubeba. Ya mto hayakubebi hivyo. Na mtoto wetu akichoka baharini hufanya jambo moja tu: hushusha miguu, akatafuta mchanga, akasimama.

Mtoni, kusimama huko ndiko kunakoua. Pale maji yanapokwenda kasi, chini kuna mawe, na kati ya mawe kuna nafasi za kuingia mguu. Mguu ukinasa, maji hayangoji. Yanamsukuma mtu kwa nyuma mpaka analala kifudifudi, na hata awe na nguvu vipi hawezi kuinuka. Maji yenyewe yanaweza kuwa ya magotini au mapajani tu. Kwa hiyo aliyeanguka kutoka kwenye boti hulala chali, miguu mbele kule maji yanakokwenda, vidole vya miguu vikichungulia juu, mikono wazi, akasubiri kamba au akajivuta pole pole kuelekea pembeni. Hasimami mpaka makalio yaguse chini. Mwambie mumeo awalaze watoto sebuleni juu ya mkeka, awafanyishe zoezi hilo kila jioni kwa wiki mbili. Huyo wa miaka 11 ndiye mwenye haja nalo zaidi, kwa sababu ndiye aliyezoea kusimama kuliko wenzake.

Sasa nikusimulie la kwangu. Mwanangu wa pili alikuwa na miaka 9 tulipokwenda Sagana mara ya kwanza, na safari nzima, tangu tunapanda gari Mombasa, alikuwa akiimba habari za boti. Asubuhi ile mwongozaji, mtu mzima mwenye mvi, alimvisha jaketi la kuokolea maisha, akafunga vifungo vyote, akakaza mikanda ya ubavuni. Kisha akashika jaketi mabegani akaliinua juu. Jaketi likapanda mpaka masikioni, mtoto akabaki chini yake, kidevu kimezama ndani. Kampuni tuliyokwenda nayo haikuwa na saizi ndogo zaidi, wala hawakuwa na lile lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Kijana mmoja wao akasema tulikaze kwa kamba tu, muda unakwenda. Yule mzee akakataa. Akamvua mwanangu jaketi bila maneno mengi, akanikabidhi mkono wake.

Mtoto alilia mpaka usingizi ukamchukua mapajani mwangu. Nilimkasirikia yule mzee, sikufichi. Tumekaa ukingoni, mchana boti la baba yake likapinduka kwenye maji makali. Mume wangu alitoka anakohoa, goti limechubuka, lakini kichwa chake kilikuwa juu muda wote kwa sababu jaketi lilimkaa. Nilimtazama yule aliyelala mapajani mwangu. Tangu siku hiyo kila nikimkumbuka yule mwongozaji namwombea dua.

Kwa nini si Desemba? Tana inaanzia Nyandarua na kupokea maji ya Mlima Kenya, na vuli huko hunyesha kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mvua ikipiga mlimani usiku, nyinyi Sagana mnaamka na jua zuri, na mto umepanda. Huwezi kuujua kwa kutazama mawingu yaliyo juu ya kichwa chako. Sisi jambo hili tunaliona kila mwaka bila kulifikiria: mvua inyeshe bara, Sabaki inaleta udongo mpaka bahari ya Malindi inageuka rangi ya matofali, na huku pwani hakujanyesha hata tone. Aprili nayo ni masika, iacheni. Mimi ningechagua likizo ya Agosti. Mto unakuwa umetulia kidogo, ila jiandaeni kwa baridi. Sagana iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Agosti ndio wakati wa ubaridi na mawingu huko bara. Watoto wetu hawajui baridi ya alfajiri ndani ya hema. Kila mmoja awe na sweta, soksi za kulalia na blanketi zito, na nguo kavu ziwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Mtoto aliyelowa akaanza kutetemeka hachezi tena. Avuliwe, akaushwe, apewe uji wa moto.

Nani aingie kwenye boti? Maji makali duniani hupangwa kwa madaraja, kutoka 1 hadi 6. La 1 na la 2 ni maji yanayokwenda na vijiwimbi. La 3 linalowesha na linaweza kumtoa mtu kwenye boti. La 4 na la 5 si mahali pa mtoto, na la 6 hata wakubwa waliobobea huliogopa. Mto mmoja unakuwa na vipande vya madaraja tofauti, na daraja hupanda maji yakiongezeka. Huyo wa miaka 11 anaweza kwenda na baba yake kwenye kipande tulivu, ikiwa jaketi na kofia ngumu vitamkaa, na ikiwa mwongozaji atakubali asubuhi hiyohiyo baada ya kuutazama mto. Ulizeni kabla: mna majaketi ya watoto? Kuna mtu wa kayaki, kile kiboti chembamba, anayetangulia mbele ya boti kuokota walioanguka? Mto ukiwa vipi ndipo mnaahirisha? Kampuni inayojibu swali la mwisho bila kusita ndiyo ninayoiamini. Na mkikuta inayokubali kumbeba wa miaka 4 kwenye maji ya daraja la 4 kwa sababu mmeshalipa, geuzeni gari.

Wa 7 na wa 4 wanabaki nchi kavu, na hawa wawili wanataka wakubwa wawili. Usikubali kubaki nao peke yako ukipika huku. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mikono. Anazama kimya, kwa dakika chache tu, mama yake yuko hatua kumi anakata vitunguu. Wakiwa karibu na mto, awe wa umbali wa mkono wako kumfikia. Huyo anayeelea mdogo ndiye wa kuangaliwa zaidi, maana hana woga.

Kuna na kichocho. Wenzetu wa Msambweni na Kwale wanakijua vizuri, na Sagana haiko mbali na mashamba ya mpunga ya Mwea, ambako nako kipo. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji yasiyo na chumvi, na huingia mwilini kwa kupenya ngozi, ndani ya dakika tu. Ndiyo maana bahari haina kichocho. Ubaya ni kwamba konokono hao hupenda maji yaliyotulia yenye majani pembeni, palepale mama anapoona pana usalama wa kumwachia mdogo achezee. Msiwaachie. Na mkisharudi, wiki sita hadi nane, aliyegusa mto apimwe choo na mkojo. Dawa yake ipo na inafanya kazi.

Kulala hemani kujaribiwe kwanza karibu na nyumbani. Vukeni Likoni, mpande Shimba Hills, mlale usiku mmoja kwenye uwanja wa kambi wa hifadhi. Kuna ubaridi wa msitu, kuna palahala, swala wakubwa ambao Kenya nzima hawapatikani kwingine, na kuna maporomoko ya Sheldrick, mita 21, ambayo mnatembezwa na askari wa wanyama. Kushuka watoto hukimbia. Kupanda ndipo utabeba mtu mgongoni. Usiku huo mmoja utakuonyesha yote: nani anaogopa giza, nani anataka choo saa nane, nani hawezi kulala bila mto wake. Wafundishe kukung'uta viatu kabla ya kuvaa, kwa ajili ya nge. Tochi iwe moja kwa kila mtoto, ivaliwe shingoni, na mlango wa hema ufungwe kila wakati. Chandarua msiache. Chakula, chukueni mahamri, tende na mayai ya kuchemsha. Mbaazi za nazi zitachacha kabla ya jioni, nimeshazimwaga mimi.

Safari yenyewe isiwe ya siku moja. Treni kutoka Miritini ni saa tano au sita, na kutoka Nairobi hadi Sagana kuna kilomita kama 100 kwa njia ya Thika. Laleni Nairobi. Mtoto aliyechoka hasikii maelekezo, na mtoni maelekezo hutolewa mara moja.

Mama mkwe usimwache nje ya jambo hili. Ana hofu ya kweli, na nyinyi mnahitaji mkubwa wa pili wa kukaa ukingoni. Mwalikeni Shimba. Akiipenda, mpeleke Sagana, umwekee kiti chini ya mti na wajukuu wawili mbele yake.

Na siku hiyo, kabla mumeo hajatia mguu kwenye boti, mshike mkubwa wako mabegani mwa jaketi umwinue wewe mwenyewe, si mwongozaji. Likipanda masikioni, mvue, ukae naye ukingoni mpaka amalize kulia.