Ruzuku hufuata daftari, haifuati jembe

Jumanne iliyopita nilikuwa nazibua mfereji simu ilipolia. Ujumbe wa benki: fedha ya ruzuku ya wakulima imeingia. Niliusoma mara tatu, nikakaa palepale juu ya tuta, matope mpaka magotini. Misimu mitatu niliisubiri siku hiyo.

Msimu wa kwanza niliukosa kwa kiburi. Niliamini mtu anayelima kila siku, anayejulikana na majirani wote, hana haja ya kubembeleza karatasi. Fomu niliijaza usiku mmoja, ukubwa wa shamba nikauandika kama marehemu baba alivyozoea kuutaja. Majina yalipotoka, langu halimo. Jirani ambaye magugu ya shambani kwake yanafika kifuani akalipwa. Bado inaniuma, sifichi. Nilimnunia miezi kadhaa, kumbe alichonizidi ni kwamba hati yake ina jina lake.

Msimu wa pili nilikwenda ofisini nikiwa na hasira. Karani akanigeuzia kioo cha kompyuta.

"Huyu mwenye shamba ni nani?"

"Baba yangu. Alifariki miaka sita iliyopita."

"Basi humu anayelima ni yeye."

Sikuwa na la kumjibu. Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma malipo haya yanavyokwenda kwa wenzetu, na kila nilipogusa nilikuta jambo lilelile. Ulaya ilipopunguza bei za mazao zilizokuwa zimehakikishwa kwa wakulima mwaka 1992 na kuanza kuwalipa wakulima moja kwa moja, kipimo kikawa hekta na idadi ya mifugo. India, tangu 2019, familia ya mkulima hupewa rupia 6,000 kwa mwaka kwa awamu tatu, zikiingia benki moja kwa moja. Lakini anayelima shamba la kukodi, asiye na ardhi kwa jina lake, hayumo. Na Marekani mwaka 1933 serikali iliwalipa wenye mashamba ya pamba wapunguze eneo la kulima. Wapangaji wengi, yaani waliolima mashamba ya wengine, hawakuona hata senti, wengine wakafukuzwa kabisa kwa kuwa mikono yao haikuhitajika tena. Mwaka uliofuata wapangaji wa jimbo la Arkansas waliunda chama chao, weusi na weupe pamoja. Niliposoma hapo nililia, kwa sababu mimi nilikuwa na ardhi na bado nilizembea.

Kwa hiyo ndugu yangu, anza na jina. Miezi ya mirathi siisimulii, ila kaka yangu mkubwa alidhani nataka kumeza urithi, na mama ndiye aliyetukalisha chini tukagawana. Kisha pima shamba. Baba alisema ekari sita siku zote; mpimaji akapata nne na nusu, kwani mzee alikuwa bado anahesabu kipande alichompa mdogo wake. Kisha rudi kwenye jina: kitambulisho, hati na akaunti ya benki vilingane herufi kwa herufi. Mimi herufi moja ilinirudisha foleni.

Najua wapo wanaopata kwa kujuana. Lakini tusiifanye hiyo kisingizio cha kukaa vibarazani tukilaumu huku makabrasha yetu yana vumbi. Mkulima anayeheshimu mbegu yake aiheshimu na karatasi yake. Jina, jamani, jina!

Dada uliyeniandikia kwamba unakodi shamba na mwenye nalo ndiye anayepokea malipo: uliza kwanza kama mpango wenu unamlipa anayelima au mwenye ardhi, maana si yote inafanana. Kama ni anayelima, mkataba wa maandishi utakulinda. Kama ni mwenye ardhi, basi fungu lako liandikwe, au kodi ipunguzwe kwa kiasi hicho, na mashahidi watie saini. Akikataa kusaini, niandikie kabla hujatia mbegu ardhini.