Megajouli 54 zilizoninyima kazi

Juma lililopita kijana mmoja wa Masasi aliniandikia: "Shikamoo kaka, nimeitwa kwenye usaili wa ufundi, lakini nikibadili megajouli kuwa kilowati-saa sijui nizidishe au nigawanye." Vyote viwili ni vipimo vya nishati. Nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikakatika, kwa kuwa swali hilohilo ndilo lililonirudisha nyumbani Mikindani mikono mitupu, tena nikiwa na shati la kuazima.

Bomba la gesi la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilikuwa limekamilika mwaka 2015, na kila kijana wa huku aliyewahi kushika bisibisi aliamini kuwa gesi ya Mnazi Bay ingempa ajira. Kwenye mtihani wa usaili tulitakiwa kubadili megajouli 54 kuwa kilowati-saa. Nilijua vyema kwamba kilowati-saa moja ni megajouli 3.6, nami nikazidisha kwa madaha na kupata 194.4, ilhali jibu ni 15. Msimamizi aliisoma karatasi yangu kwa sauti mbele ya wenzangu, na hadi leo sijauona ulazima wa jambo lile.

Kanuni sikuisahau, sikujiuliza tu kipimo kipi ni kikubwa. Kilo 160 za korosho ukizitia kwenye magunia ya kilo 80, unapata magunia mawili, na hakuna mkulima anayetarajia magunia mengi kuliko kilo. Ukienda kwenye kipimo kikubwa, namba hupungua, basi gawanya. Na kilowati-saa ni kubwa kwa sababu wati 1,000 kwa sekunde 3,600 ni jouli 3,600,000, ambazo ni megajouli 3.6, yaani ile yuniti moja ya umeme unayoinunua kwenye LUKU.

Vijana, acheni kukariri jedwali usiku wa kuamkia usaili. Anzieni jikoni: kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji kilojouli 314 hivi, ambazo ni yuniti 0.087, bila kuhesabu joto linalopotea. Andikeni jina la kipimo katika kila hatua, wala msidharau herufi, maana m ndogo ya milijouli na M kubwa ya megajouli zimepishana mara bilioni moja. Asiyeandika vipimo anajitafutia aibu, nami niliipata yangu.

Kijana yule nilimpa kilokalori 2,000 azibadili, kila moja ikiwa kilojouli 4.184. Jana usiku amenirudishia megajouli 8.368, kisha kilowati-saa 2.32, na hatua zote ameziandika.