Kapewa asilimia 40, na choo hakifikiki: jibu kwa msomaji wa Busia

Swali

Daktari, habari za kazi. Mume wangu ana miaka 42, ni fundi mwashi. Mwezi wa Februari alianguka kutoka kwenye miti waliyokuwa wamesimamia wakijenga ghorofa, akaumia mgongo. Miguu haikufa kabisa. Kwa magongo mawili anaweza kwenda hatua kama 20 kwenye sakafu laini. Zaidi ya hapo ni kiti cha magurudumu. Daktari aliyeletwa na kampuni alimpima kwa dakika 10 hivi, akaandika asilimia 40. Tunakaa muzigo mmoja, yaani chumba kimoja cha kupanga, hapa Busia upande wa Uganda. Mlangoni kuna ngazi moja, na choo cha wapangaji wote kiko nyuma, kina ngazi mbili. Usiku namnyanyua mimi. Mtu mmoja katuambia serikali ina pesa za kila mwezi za watu kama yeye. Mwingine kasema twende NSSF. Wa tatu kasema tukichukua za NSSF, kampuni haitulipi tena. Tushike lipi? Na nyumba hii tuifanyeje?

Jibu

Dada, pole sana, wewe na shemeji yangu. Hao watu watatu kila mmoja ameshika kipande. Kuna mlango wa mwajiri, mlango wa NSSF na mlango wa serikali, na kila mlango una mpimaji wake mwenye swali lake. Kazi yangu ni tiba ya viungo, na wengi ninaowaona wamekosa haki yao kwa kujibu swali la mlango mmoja huku wakiwa wamesimama kwenye mwingine.

Tuanze na mwajiri, maana ndiko ilikotoka hiyo asilimia 40. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inasema aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi kwa sababu ya ajali ya kazini alipwe mapato ya miezi 60. Aliyepoteza sehemu ya uwezo hulipwa asilimia ya hiyo miezi 60. Tuseme shemeji alikuwa anapata laki 6 kwa mwezi. Miezi 60 ni milioni 36. Kwa asilimia 40 atapata milioni 14 na laki 4. Kwa hiyo namba moja iliyoandikwa kwa dakika 10 inaweza kuwapunguzia zaidi ya milioni 21. Tena sheria hiyo hiyo inasema aliyepoteza uwezo kabisa, na ambaye hawezi kuishi bila msaada wa mtu mwingine wakati wote, anaongezewa robo. Kwenye mfano wetu hiyo ni milioni 9. Ndiyo maana yale maneno yako matatu, "Usiku namnyanyua mimi", nimeyapigia mstari.

Sijampima shemeji, kwa hiyo sitasema kwamba 40 ni ndogo. Ninachosema ni kwamba dakika 10 hazitoshi kwa mgongo. Mimi nikimpima mtu wa namna hiyo napima nguvu za kila mguu, napima ngozi inahisi wapi na haihisi wapi, nauliza mkojo na haja kubwa anavizuia vipi, natazama anavyokaa bila kuegemea. Halafu namuuliza habari za kazi, kwa sababu sheria inatazama kazi ambazo mtu aliweza kuzifanya siku alipoumia. Fundi mwashi anashika mwiko mkono wa kulia na tofali mkono wa kushoto. Magongo atayashika kwa mkono gani? Karai la zege atalipandishaje? Swali hilo liulizwe na lijibiwe kwa maandishi.

Mnaruhusiwa kuikataa asilimia hiyo. Nendeni kwa afisa wa kazi wa wilaya mkiwa na nakala ya ripoti ya daktari wa kampuni, karatasi za hospitali mlikolazwa, na chochote kinachoonyesha malipo yake: karatasi ya mshahara, ujumbe wa simu wa malipo, hata daftari la msimamizi. Mwambieni kwamba mnapinga kiwango cha ulemavu kilichoandikwa. Mgogoro wa namna hiyo sheria imeuwekea bodi ya madaktari ya usuluhishi, na afisa wa kazi ndiye anayeupeleka huko. Sheria inataka taarifa ya ajali itolewe ndani ya mwezi mmoja, lakini kampuni iliyokwisha leta daktari haiwezi kudai haikujua, kwa hiyo ile ripoti itunzeni hata kama imewaudhi. Na tafadhali, msitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi yoyote iliyoandikwa kuwa ni malipo ya mwisho kabla afisa wa kazi hajaisoma.

NSSF ni jambo jingine kabisa. Zile ni akiba zake mwenyewe: asilimia 5 iliyokatwa kwenye mshahara wake na asilimia 10 ya mwajiri. Mwanachama aliyepoteza uwezo wa kazi kwa ugonjwa au ajali anaweza kuomba mafao ya ulemavu na kupewa akiba yake pamoja na riba, baada ya madaktari wa mfuko kuthibitisha hali yake. Kuzichukua hakumfutii mwajiri deni la fidia, na aliyewaambia hivyo amewatisha bure. Kuna pia mlango uliofunguliwa na marekebisho ya mwaka 2022: mwanachama mwenye ulemavu, aliyefika miaka 40 na aliyechangia miaka 10, anaweza kuchukua nusu ya akiba yake na kuendelea kuchangia. Shemeji ana miaka 42. Kama michango yake imefika miaka 10 mtakuwa na njia mbili za kuchagua. Kama haijafika, ombeni ile ya ulemavu.

Kuhusu serikali niseme wazi, kwa sababu nimeona watu wakipoteza nauli na matumaini. Uganda haina posho ya kila mwezi kwa mtu mzima wa umri wa kufanya kazi kwa sababu tu ana ulemavu. Zile shilingi 25,000 za kila mwezi mnazosikia ni za SAGE, na hizo ni za wazee wa miaka 80 na zaidi. Kilichopo kwa umri wenu ni ruzuku maalumu ya watu wenye ulemavu, ambayo hutolewa kwa kikundi chenye mradi, na ule mpango wa maendeleo wa parish uliozinduliwa mwaka 2022, ambao umetenga asilimia 10 kwa watu wenye ulemavu. Vyote viwili vinapitia kwa viongozi wenu wa hapo mlipo. Mwambie afisa maendeleo ya jamii amwandikishe shemeji sasa, hata kabla hamjajua mtafanya mradi gani. Mtu akitaka pesa ili aandike jina, msimpe.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera miaka yote. Sisi watu wetu tumelelewa kujibu salamu vizuri. Mpimaji anauliza, "Unaendeleaje, mzee?" Mgonjwa anajibu, "Namshukuru Mungu, salama." Hiyo ni adabu, ni imani, wala si uongo. Lakini mpimaji ameshika kalamu, na anaandika: anasema anaendelea vizuri. Nilikuwa na mgonjwa mmoja, mzee wa Bombo, ambaye siku ya kupimwa alinyoa ndevu, akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akatembea ukumbi mzima wenye vigae akiwasalimia wauguzi. Ripoti ilisema anatembea mwenyewe. Walipofika nyumbani alilala siku mbili kwa maumivu, na mkewe alimlisha kitandani. Hakuna aliyeandika hizo siku mbili. Nilipaswa kumpa onyo kabla hajaenda, na sikumpa. Tangu hapo sikosi kumwambia kila mtu.

Kwa hiyo shemeji akiulizwa anaendeleaje, amshukuru Mungu, halafu aendelee kusema. Akiulizwa kama anaweza kutembea, asijibu ndiyo wala hapana. Aseme: hatua 20, kwa magongo, kwenye sakafu laini, mara moja, kisha lazima nikae. Nje kwenye murram siwezi. Ngazi siwezi bila mtu. Maswali mengi ya kupima ulemavu siku hizi yanafuata mtindo huu: una ugumu wa kutembea au kupanda ngazi? Una ugumu wa kujiosha mwili mzima au kuvaa? Majibu ni manne tu: hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, siwezi kabisa. Mwanamume aliyekuwa akipanda ghorofa na tofali begani anaona haya kusema "ugumu mkubwa", hivyo anasema "kiasi". Hapo ndipo anapojipunja mwenyewe.

Anza daftari leo, uliandike siku 14. Usiandike "leo hali mbaya". Andika hivi: Jumanne, saa 8 usiku, alitaka choo. Nilimshika kwapani ngazi mbili, goti lilikunja, akagonga ukuta. Dakika 25 kwenda na kurudi. Halafu chukua futi ya fundi, pima ngazi ya mlangoni na zile za chooni, pima upana wa milango, piga picha futi ikiwa pale pale. Muombe mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji chenu, aje aone na aweke mhuri. Niwe mkweli: ngazi za choo haziongezi asilimia ya fidia, maana kinachopimwa pale ni mwili na kazi. Lakini zinathibitisha kwamba anahitaji mtu usiku na mchana, na hiyo ndiyo hoja ya ile robo. Na siku ya kupimwa ingia naye. Wakikuambia subiri nje, sema kwa upole kwamba wewe ndiye unayemnyanyua.

Mkiona mnazungushwa, tafuteni tawi la wilaya la NUDIPU, muungano wa watu wenye ulemavu ulioanzishwa mwaka 1987. Mtu akiingia ofisini na mwenzake anayejua njia, anasikilizwa tofauti.

Nyumba. Mteremko wa kiti cha magurudumu unafuata kipimo cha moja kwa 12: kila sentimita moja ya kwenda juu inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi ya mlangoni ikiwa sentimita 15, mteremko uwe na urefu wa sentimita 180. Hiyo inawezekana. Shemeji ni mwashi, mwache akae kwenye kiti chake amwelekeze kijana kuchanganya, saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Na kabla haijakauka wapitishe ufagio juu yake ili magurudumu na magongo yasiteleze mvua ikinyesha. Akisimamia yeye, kazi itakuwa nzuri kuliko ya fundi nitakayekutajia mimi.

Choo ni habari nyingine. Ngazi mbili za jumla ya sentimita 35 zinataka mteremko wa zaidi ya mita 4, na kwenye ua wa wapangaji sidhani kama mnayo nafasi hiyo. Mkijenga mfupi utakuwa mkali, na kiti kitampindua kinyumenyume. Usijenge. Mpeni seremala kazi: kiti cha mbao chenye mikono miwili, kimo sentimita 45 au sawa na kiti chake cha magurudumu, katikati kimekatwa tundu, chini kunaingia ndoo yenye mfuniko. Usiku kinakaa kando ya kitanda, na ninyi wawili mnapata kulala. Pazia moja likiwatenganisha na watoto, heshima yake inabaki. Mchana, kwa zile ngazi, kiti cha magurudumu hupandishwa kwa kurudi nyuma: mgongo wa kiti uelekee ngazi, magurudumu makubwa yatangulie, mmoja avute juu na mwingine asukume chini. Usimnyanyue kwapani tena. Bega lake litachomoka, au mgongo wako utafuata wa kwake.

Kwa mwenye nyumba nenda na LC1 na karatasi, isiyo na maneno mengi: tutajenga mteremko huu, gharama yetu, tukihama tutaubomoa au tutauacha, mtachagua. Wengi hukubali wakiona hawatozwi. Akijaribu kupandisha kodi kwa sababu hiyo, sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 haimruhusu kupita asilimia 10 kwa mwaka. Na kama mtahama, nakusihi uangalie choo kabla hujaangalia chumba, kisha upime mlango. Sentimita 80 za wazi ni kiasi cha chini ninachokubali. 90 ndiyo raha.

Sigiri ya mkaa iondoe mlangoni. Kama miguu yake haihisi vizuri, ataungua mguu akiwa anaongea na wewe na hatajua mpaka anuse.

Na hilo linanileta kwenye ngozi, ambayo haingoji bodi wala afisa. Leo usiku kabla hamjalala mgeuze, washa taa ya simu, mwangalie makalio, nyonga na visigino. Kwenye ngozi yetu usitafute wekundu. Tafuta doa lililokoza kuliko pembeni yake, liguse kwa nyuma ya kiganja: lina joto? ni gumu? Likiwapo, asilalie upande huo, na likiwa bado lipo baada ya nusu saa mpeleke kituo cha afya kesho asubuhi. Hata kama ni siku ya miadi yenu na afisa wa kazi, aanze na kituo cha afya.