Altezza ya kila siku Dar: kabla hujaagiza koilova soma hii

Wakuu, hii naiandika kwa mtu ambaye Toyota Altezza ndo gari yake ya kila siku, asubuhi anatoka nayo Goba au Kimara anaingia town, jioni foleni, wikiendi anataka kuinyoosha kidogo kwenda Moro au kupanda Lushoto, na sasa hivi kapata kahela na kichwani anawaza koilova tu, zile seti za shokapu na springi pamoja ambazo unaweza kurekebisha urefu wa gari. Hiyo hela ishike kwanza, soma halafu ndo uamue.

Watu wengi hii gari wanaichukulia poa kwa sababu zimejaa mjini. Altezza ilitoka 1998, mhandisi mkuu wake alikuwa Nobuaki Katayama, yule aliyefanya kazi kwenye AE86, ile Corolla ya spoti ya zamani, na ilivyotoka tu ikabeba tuzo ya gari bora la mwaka huko Japani. RS200, ile ya spoti, ina injini ya 3S-GE ya farasi 210, gia sita za mkono, inasukuma kwa nyuma, na chini ina dabo wishboni mbele na nyuma, yaani kila tairi imeshikwa na mkono wa juu na mkono wa chini, ili bodi ikilala kwenye kona tairi yenyewe iendelee kukanyaga lami kwa upana wake. Magari mengi ya bei hiyo hayana kitu kama hicho nyuma. Kwa hiyo uspoti unaoutafuta kiwanda kilishakupa, shida ni kwamba hata zile za mwisho za 2005 zimeshafika miaka 20 na raba zake nyingi ni zile zile zilizokuja nazo kwenye meli. Mimi naamini kabisa wengi wanaosema Altezza inayumba hawajawahi kuendesha Altezza yenye bushi nzima, yaani zile raba za kwenye maungio ya mikono ya chini ya gari.

Ndo maana hela ya kwanza iende chini ya gari, kwenye vitu ambavyo hakuna mtu atakayeviona. Ipandishe kwenye lifti au jeki na stendi, chukua nondo fupi, sukuma kila bushi ya mikono ya chini uangalie kama raba imechanika au imeachana na chuma. Shika tairi ya mbele juu na chini uitikise, halafu kushoto na kulia. Boljointi ya chini ya mbele, ile kiungo ya duara inayoshika tairi na mkono, iangalie kwa macho mawili, kwenye hii gari springi inakaa juu ya mkono wa chini kwa hiyo ile boljointi ndo inabeba uzito wa pembe nzima ya gari, ikichomoka tairi inalala na ukiwa spidi 80 hiyo siyo habari ya kusimulia. Hiyo haisubiri mwisho wa mwezi, ikiwa na mchezo wowote gari isitoke gereji. Ule mlio wa gogogo ukipita kwenye mashimo madogo mara nyingi ni linki za stabilaiza, ile fimbo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia gari isilale kwenye kona, ni vitu vya bei rahisi na ukibadilisha gari inakuwa kimya siku hiyo hiyo. Raba za juu za shokapu nazo usizisahau, watu wanaweka shokapu mpya kwenye maunti (hizo raba za juu) iliyokufa halafu wanalalamika shokapu mbovu.

Kuna kitu kimoja kwenye kufunga bushi ambacho mafundi wengi hawakifanyi na kinaua raba mpya ndani ya muda mfupi. Bushi za raba za kiwandani zimegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, hazizunguki, zinajipinda. Sasa fundi akikaza boliti gari ikiwa juu, tairi zinaning'inia, raba inashikwa kwenye mkao ule wa kuning'inia, ukiishusha gari chini inakaa imepindika muda wote hata ikiwa imepaki, na kila tuta inapinda zaidi mpaka inachanika. Yangu ilipofungwa nilimwomba fundi boliti zote azishike kwa mkono tu, tukashusha gari tairi zote nne zikae juu ya mbao nene, vijana wawili wakakaa ndani viti vya mbele, tukaitikisa ikakaa sawa, ndo akaingia chini na toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, akakaza moja moja. Inachukua nusu saa ya ziada. Fundi akikuambia haina haja, mwambie kwa upole kwamba wewe una haja.

Spea zake usitafute kwa jina la Altezza peke yake. Ng'ambo hii gari iliuzwa kama Lexus IS200 na IS300, kwa hiyo bushi, boljointi, mikono na hata shokapu zinapatikana kwa jina hilo, na ukiagiza mtandaoni utakuta uchaguzi mpana kuliko wa mtaani. Ila nenda na namba ya spea na namba ya chasisi, SXE10 ni ile ya silinda nne na GXE10 ni ya silinda sita, pua hazina uzito sawa kwa hiyo springi za mbele usibebe kwa kukisia.

Tuje kwenye shokapu sasa, na hapa ndo roho ya gari ilipo. Springi inabeba gari, shokapu inazuia springi isiendelee kudunda. Ikifa, tairi inarukaruka juu ya lami, na tairi iliyo hewani haina breki wala usukani. Ile kuibonyeza bodi kwa mikono na kuhesabu imedunda mara ngapi inakamata zile zilizokufa kabisa tu, zilizochoka nusu zinapita mtihani. Pitisha kiganja juu ya tairi kuzunguka, ukisikia mabonde na vilima, sehemu imeliwa sehemu haijaliwa, kwanza mtilie shaka shokapu. Angalia mwili wa shokapu, ukiwa umelowa oili na vumbi limegandia juu yake basi sili imeshaondoka.

Kwa matumizi ya kila siku mimi nilienda na shokapu za KYB za kawaida za gesi pamoja na springi za kiwandani, urefu ule ule, na baada ya bushi na shokapu gari ilibadilika kiasi kwamba mtu niliyekuwa nambeba kazini kila siku aliniuliza nimeweka tairi gani. Kama una hela zaidi, kuna Bilstein na Koni, hizo ni daraja lingine. Bilstein nyingi za spoti ni za bomba moja, oili inagusa ukuta wa nje kwa hiyo joto linatoka haraka, na hilo utaliona kwenye rasta za Mikumi au kwenye vumbi la mawimbi, shokapu ya kawaida ikipata moto sana oili inatoa povu na gari inaanza kuelea, ya bomba moja inavumilia zaidi. Ubaya wake jiwe likibonyeza bomba, pistoni inakwama, wakati ile ya mabomba mawili inaweza kubonyea kidogo nje ikaendelea na kazi. Ukinunua Bilstein jua B6 imetengenezwa kwa springi za urefu wa kiwandani na B8 ni fupi, ya gari iliyoshushwa, usichanganye.

Na ukinunua yoyote, kopi zipo nyingi mno hasa za majina yanayouzika. Bei ikiwa nusu ya ile ya duka la jirani, unajua unachonunua. Za mtumba kutoka Japani siyo dhambi, ila zisimamishe, bonyeza rodi mpaka chini uachie, ya gesi inatakiwa ipande yenyewe taratibu, na ya kulia na kushoto zipande mwendo mmoja. Rodi ikiwa na kutu ya vidoti vidoti iache hapo hapo, itakata sili mpya au ya zamani.

Kushusha gari. Najua wengi mpo hapa kwa ajili ya hili na sisemi msishushe, gari iliyokaa chini kidogo inapendeza na kitovu cha uzito kinashuka kweli. Lakini barabara zetu zinadai safari, yaani nafasi ambayo tairi inaweza kupanda kabla shokapu haijagonga kile kiraba cha mwisho, bampa stopu. Chukulia umebakiwa na milimita 60 za kupanda, ukaishusha gari milimita 40 kwa springi fupi na shokapu zile zile, umebaki na 20, na tuta la mtaani ukilikosea kidogo tu linataka zaidi ya hapo. Kikigonga, kwa sekunde ile huna springi, una kiraba tu, na ikitokea katikati ya kona nyuma inaweza kuachia bila taarifa. Kukata springi ndo usithubutu kabisa, springi ikipungua mizunguko inakuwa ngumu zaidi, na ukiinua gari inaweza kutoka kwenye kiti chake.

Unaweza kupima mwenyewe bila mashine. Inua kile kifuniko cha vumbi, funga zip tai (kile kikamba cha plastiki cha kufungia nyaya) kwenye rodi ya shokapu uisogeze mpaka igusane na mwili, halafu endesha njia yako ya kila siku kama kawaida, matuta yako yale yale na mashimo yale yale. Rudi uangalie zip tai imesukumwa mpaka wapi. Ikiwa imefika kwenye bampa stopu na gari bado haijashushwa na ulikuwa peke yako, basi ukishusha na kupakia familia utakuwa unaishi juu ya kile kiraba.

Koilova zenyewe zina maana kama unanunua nzuri, na ziwe zile ambazo urefu unarekebishwa kwa kuzungusha bomba la chini, siyo kwa kukandamiza springi, kwa sababu hizo zinakuachia safari yako hata ukishusha. Watu wanabishana sana namba za ugumu wa springi, kilo kwa milimita, mwingine anakwambia rafiki yake ana Subaru ameweka kilo 6 iko poa kwa hiyo na yeye anaweka 6. Haiendi hivyo. Kwenye mkono wa chini springi inakaa ndani zaidi kuliko tairi, tairi ikipanda milimita 10 springi inabonyea pungufu ya hapo, kwa hiyo kilo 6 ya dabo wishboni inahisika laini kuliko kilo 6 ya gari ambayo strati yake (shokapu na springi kwa pamoja) imeungana moja kwa moja na nako, kile chuma kinachobeba tairi. Muulize muuzaji namba za chasisi yako, na ukikuta seti imeandikwa ya treki, yaani ya uwanja wa mbio, iache kwa watu wa treki. Tein wana seti za barabarani, ukiamua kweli kwenda koilova anzia huko, shusha milimita 20 hadi 25, simama hapo.

Stabilaiza nene ni ushauri unaotolewa kirahisi sana. Ugumu wa fimbo unapanda kwa kipenyo kuzidishwa chenyewe mara nne, ukitoka milimita 24 kwenda 26 imeshakuwa ngumu kwa karibu asilimia 38, na macho hayaoni tofauti. Uzuri wake gari hailali kwenye kona na kwenye tuta, ambapo tairi zote mbili zinapanda pamoja, huisikii kabisa. Ila sisi tuna mashimo ya upande mmoja, na hapo fimbo nene inabeba kishindo cha kushoto inakipeleka kulia, unabaki unatikiswa kichwa njia nzima. Halafu gari hii inasukuma nyuma, ukiweka nene nyuma peke yake mvua za masika zikianza mkia utakuwa mwepesi mno. Mimi ya kiwandani naiacha, nabadilisha raba zake tu. Strati baa, ile fimbo ya kwenye injini inayounganisha sehemu za juu za shokapu mbili, pia naona haina kazi kubwa kwa gari ambayo chini ina mikono miwili, ni pambo.

Tairi ndo sehemu ambayo ukifanya kitu kidogo unapata kikubwa. RS200 nyingi zinakuja na 215/45R17, ukuta wake, yaani kimo cha raba kati ya rimu na lami, ni kama milimita 97. Ukienda 205/55R16 ukuta unakuwa kama 113, kipenyo kizima kinaongezeka kwa milimita 6 au 7 tu kwa hiyo spidomita haihami kwa maana, na zile milimita 16 za raba zinaokoa rimu zako kwenye mashimo, na kwenye zile njia za malori Morogoro Road ambapo lami imebonyea usukani hauvutwi hovyo. Jaribisha kwanza rimu moja ya 16 uone kama inapita kwenye kalipa ya breki kabla hujalipia nne. Na tafadhali, tairi nne mpya zinazofanana za kampuni inayoeleweka, hata kama ndo inabidi koilova isubiri mwakani. Raba ngumu kama soli ya kandambili iliyoanikwa juani haiwezi kuokolewa na shokapu ya aina yoyote.

Ukimaliza kufunga chochote kati ya hivi, wili alaimenti, yaani kupima na kunyoosha mkao wa tairi, siyo hiari. Subiri springi mpya zitulie, wiki moja mbili za mizunguko ya kawaida, halafu nenda kwenye mashine ya kompyuta. Mwambie fundi unataka kemba, yaani mlalo wa tairi, ya kulala ndani kidogo kwa juu tairi za mbele, nyuzi 1 hadi 1 na nusu, pande zote sawa, na tou, yaani tairi zinavyoangaliana au kuachana kwa mbele, karibu na sifuri, mbele na nyuma. Watu wanalaumu kemba kwa kula tairi wakati anayekula sana ni tou, tairi zinaangalia pande tofauti zinakwaruzwa kila mita unayotembea. Hakikisha amepima na nyuma pia, wengine wanafunga vichwa vya kupimia mbele tu wanakuambia tayari. Dai karatasi yenye namba za kabla na za baada, uiweke kwenye dashibodi, safari nyingine ukipiga shimo kubwa na usukani ukakaa upande, hiyo karatasi ndo itakuonyesha ni mkono gani umepinda.