Mama alikuwa anasema ameshakula

Swali lenu la wiki hii mmeuliza mtu akivuka miaka 60 aache kula nini. Nimelisoma asubuhi nikaliacha, mchana nimelirudia, naona niandike tu maana limenigusa pabaya. Mi ningeanza kuuliza huyo mzee anakula na nani, na akishaachishwa hivyo vyakula anapewa nini badala yake.

Mama yangu yupo Muheza, kule Tanga kwenye machungwa, ana sukari mwaka wa sita huu. Mwaka juzi tulikutana watoto wote nyumbani, mmoja wetu akaja na listi kaitoa kwenye grupu la WhatsApp: wali hakuna, ugali hakuna, muhogo hakuna, machungwa hakuna, Muheza hiyo jamani. Tukaibandika kwenye friji. Binti anaemsaidia kazi tukamwambia mboga za majani za kuchemsha, bila nazi bila chumvi, basi. Mama hakubisha, alisema "haya wanangu, nyie ndo mnajua". Nikarudi Dar roho nyeupe.

Kama miezi miwili baadae nikaenda kumsalimia, nikalala chumbani kwake. Saa 7 usiku nasikia kitanda kinatikisika. Nawasha taa, mama kalowa jasho, kanga imemganda mgongoni, mikono inatetemeka, namwita ananiangalia tu alafu akaniita jina la marehemu dada yake. Nikajua ndo sukari imepanda, na kilichonijia kichwani ni kwamba asipewe kitu chochote kitamu, hapo ndo naogopa mpaka leo nikikumbuka. Nikakimbilia kwa jirani, nesi mstaafu, akaja na kimashine chake akamchoma kidole, 2.4. Akasema hii imeshuka, lete sukari upesi. Vijiko vinne kwenye kikombe cha maji, kamkalisha kamuegemeza kifuani kwake anamnywesha kidogo kidogo, baada ya robo saa hivi mama akauliza mbona mmewasha taa.

Nikaenda jikoni. Sahani ya usiku ipo palepale chini ya kawa, mchicha umekaa kwenye maji yake umepoa, haujaguswa. Dawa kameza. Binti anasema bibi kila siku ananambia nshakula. Yani zile dawa zake zinashusha sukari ule usile, na sisi tulipunguza chakula dawa tukaziacha vilevile, hatukuuliza mtu.

Kwa daktari nilitegemea aanze na sukari, yeye akamwambia mama afungue mdomo. Magego ya kulia yote hayapo. Akauliza nyama ya kutafuna ameacha lini, tukaangaliana, hakuna anaejua. Akamshika paja akatuonyesha misuli ilivyoisha, akasema mzee anahitaji samaki, maharage, mayai, maziwa, asipopata miguu inakosa nguvu na akianguka ndo shida zinaanza. Dawa akabadilisha, na ugali ukarudi, wa dona, ukubwa wa ngumi yake, mboga nusu sahani.

Mtoto akifikisha miezi 6 tunamkalia chini, tunamponda ponda ndizi, uji tunatia karanga, akigoma tunamwimbia. Mjamzito anafuatwa na vidonge vya damu na kukumbushwa asinywe chai juu ya chakula maana inazuia madini ya chuma. Mzee mdomo wake umerudi kuwa kama wa mtoto, tunamfunikia sahani tunaondoka. Hilo ndo linaloniuma.

Sasa nilianza kuandika nataka kusema wazee waachwe wale wanachotaka, lakini siwezi. Baba yetu mdogo alipooza upande mmoja, presha ilikuwa juu miaka na kichupa cha chumvi hakikutoka mezani kwake, sisemi ni chumvi peke yake ila sitaki kuona tena. WHO, shirika la afya duniani, wanasema chumvi iwe chini ya gramu 5, yani kama kijiko cha chai kwa siku nzima, na humo imo na chumvi iliyomo kwenye ng'onda, samaki wa kukaushwa. Kwahiyo kama mnalazimisha jibu, mi nasema chumvi ya kuongeza mezani na soda. Na hivyo mtu aache akiwa na 40, mi nina 44 nimeanza mwaka huu, sababu ulimi wa mzee hauonji vizuri kama zamani, ukimnyang'anya chumvi akiwa na 70 ndo anaacha kula kabisa. Ila mwenye figo au anaemeza dawa aongee na daktari wake kwanza kabla ya kunisikiliza mimi.

Mama siku hizi anakula bada kidogo, ule ugali wa muhogo, na mboga ya mchunga na dagaa, binti anakula nae mkeka mmoja, tulikubaliana hivyo. Listi tuliibandua. Na pamoja na yote niliyosema kuhusu soda, ndani ya friji ile ipo chupa moja haiguswi na mjukuu wala mgeni, binti anajua ni ya siku bibi akianza kutetemeka.