Maswali na majibu: Urszula Dudziak, sauti ya Poland iliyovuma bila maneno

Hivi karibuni nilimtaja kwa kifupi Urszula Dudziak, mwimbaji wa Poland aliyehamia New York mwaka 1973 na baadaye akavuma kwa wimbo wa "Papaya". Maswali yamemiminika tangu hapo. Leo nafasi yote ni yenu. Mengine nimeyafupisha, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Huyu mama ni nani hasa, na alianzia wapi? (Msomaji, Tanga)

Alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1943 huko Straconka, kijiji kilicho chini ya milima ya Beskid kusini mwa Poland, ambacho siku hizi kimemezwa na mji wa Bielsko-Biała. Wakati huo nchi ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Vita vilipokwisha familia yake ilihamia upande wa magharibi, naye akakulia Zielona Góra. Alianza na piano. Kuimba kulimjia baada ya kumsikia Ella Fitzgerald, mwimbaji wa jazi wa Marekani, kama ilivyowatokea vijana wengi wa Poland wa miaka ya 1950 waliokuwa wakitega redio usiku kusikiliza kipindi cha jazi cha Willis Conover kwenye Sauti ya Amerika. Conover alizungumza polepole kwa makusudi, ili hata asiyejua Kiingereza vizuri aambulie kitu. Vijana walizikariri nyimbo kwa sikio, silabi kwa silabi, bila kuelewa nusu ya kilichosemwa. Naomba msomaji aliweke hilo akilini, kwa sababu tutalirudia.

Bado akiwa msichana aliimba na Krzysztof Komeda, mpiga piano aliyekuwa pia daktari wa masikio, pua na koo, na mmoja wa watu walioipa jazi ya Poland sura yake. Kisha akakutana na Michał Urbaniak, mpiga saksafoni na fidla. Wakaoana, na kwa miaka kadhaa wakawa wanapiga muziki kwenye vilabu vya Skandinavia.

Wewe unamwita mwimbaji wa jazi, wengine wanamweka kwenye muziki wa asili na wa dunia. Tushike lipi? (Msomaji, Nairobi)

Shikeni yote mawili, ila nipeni nafasi kidogo, kwa kuwa hapa ndipo penye utamu.

Poland ya utoto wake ilikuwa na muziki wa asili wa serikali. Mwaka 1948 Tadeusz Sygietyński na mkewe Mira Zimińska walianzisha kikundi cha Mazowsze pale Karolin, karibu na Warszawa. Walikusanya vijana wa vijijini wenye sauti nzuri, wakawafundisha kuimba na kucheza, wakawavika mavazi ya mikoa yao, na mwaka 1950 wakapanda jukwaani. Walikuwa hodari, na sipendi wanaowabeza. Lakini serikali iliwapenda mno, na kijana akishaona kitu kinapendwa na serikali anaanza kukitilia shaka. Jazi ndiyo iliyoonekana huru. Kwa hiyo kizazi cha Dudziak kilikimbilia muziki wa Wamarekani weusi.

Sasa ona kilichotokea. Walipofika Marekani, Urbaniak na Dudziak hawakuweza kuwashinda Wamarekani kwa jazi ya Marekani, wala hawakujaribu. Walirudi kwenye mapigo ya kwao. Ngoma za Poland kama mazurka, oberek na kujawiak huhesabiwa tatu tatu, lakini mkazo hautulii kwenye pigo la kwanza kama kwenye waltz. Huhamia la pili, mara la tatu, na mchezaji anayumba nao. Weka mwendo huo juu ya besi na ngoma za funki, fidla ikilia juu kama kwenye harusi ya milimani, na sauti ya mwanamke ikikimbizana nayo noti kwa noti. Huo ndio muziki wa kundi lao lililoitwa Fusion, lililorekodi kwa kampuni ya Columbia katikati ya miaka ya 1970. Jina la "muziki wa dunia" kama bidhaa ya dukani lilikuja baadaye, mwaka 1987, wenye kampuni za sahani za muziki walipokutana London. Hawa walikuwa wameshaifanya kazi hiyo zamani.

Mimi nimeusikiliza "Papaya" mara nyingi nikitafuta maneno. Unasema nini? (Msomaji, Morogoro)

Hausemi kitu, ndugu yangu. Usijitese.

Wimbo huo uliotungwa na Urbaniak upo kwenye albamu iitwayo *Urszula*, iliyotoka katikati ya miaka ya 1970 kwa kampuni ya Arista. Hakuna ubeti wala kiitikio chenye maneno. Kuna silabi fupifupi, nyingi zikipasuka midomoni, zinazorukaruka juu ya mdundo wa kuchezeka. Waimbaji wa jazi wamefanya hivyo tangu zama za Louis Armstrong, lakini wengi wao hutumia silabi kama pumziko: wanaimba maneno, wanachepuka kidogo, wanarudi kwenye maneno. Dudziak aliondoa kabisa mahali pa kurudia.

Sikiliza kwa makini jinsi anavyofanya. Sauti yake ina upana usio wa kawaida, na haitumii upana huo kwa mbwembwe. Akiwa chini anapiga kazi ya besi. Katikati anakuwa ngoma, konsonanti ndizo vijiti. Akipanda juu anashika zamu ya fidla, na mara nyingine huwezi kujua ni yupi kati yao umemsikia. Tangu mwanzo wa miaka hiyo ya 1970 alikuwa pia akipitisha sauti kwenye vyombo vya umeme vya mwangwi na vya kubadili sauti, jambo ambalo waimbaji wachache sana walilithubutu jukwaani. Anaimba kifungu, mashine inakirudisha, yeye anajibizana nacho. Leo kijana yeyote mwenye kompyuta ndogo anafanya hivyo chumbani. Wakati huo ilibidi uyabebe masanduku hayo mwenyewe na uombe umeme wa ukumbi usikatike.

Mimi naamini aliweza hivyo kwa sababu alijifunza nyimbo za Ella bila kuelewa maneno. Aliyejifunza lugha ya wimbo kwa maana yake hushikwa na maana. Yeye alishikwa na sauti yenyewe.

Alitoroka ukomunisti? (Msomaji, Kampala)

Hapana. Waliondoka kwa njia halali. Urbaniak alikuwa ametuzwa kama mpigaji bora wa peke yake kwenye tamasha la jazi la Montreux, Uswisi, mwaka 1971, na tuzo hiyo ilikuja na nafasi ya masomo katika chuo cha Berklee, Boston. Miaka miwili baadaye walitua New York.

Lakini "halali" ya Poland ya siku zile ilikuwa na jasho lake. Raia hakukaa na pasipoti nyumbani. Ilikaa kwa polisi. Ukitaka kusafiri unaiomba, ukirudi unaisalimisha. Msanii alipata mkataba wa nje kupitia shirika la serikali liitwalo Pagart, nalo lilichukua fungu lake la fedha za kigeni. Kisha Desemba 1981 Jenerali Jaruzelski akatangaza utawala wa kijeshi, mipaka ikafungwa, simu zikakatwa. Waliokuwa nje wakabaki nje, wakiwaza ndugu zao. Kwa mwimbaji, hiyo ina maana ya kukosa hadhira inayokujua tangu utoto.

Ni kweli Wafilipino ndio waliomfufua? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kweli. Mwaka 2007 mtangazaji na mwigizaji Edu Manzano aliucheza "Papaya" kwenye kipindi cha mashindano cha televisheni nchini Ufilipino, kwa mtindo mwepesi wa mikono na nyonga, na nchi nzima ikaucheza: shuleni, maofisini, mpaka kwenye sherehe za kiserikali. Video zikasambaa dunia nzima. Dudziak alikuwa na zaidi ya miaka sitini. Nilifurahi sana kwa ajili yake, ingawa iliniuma kidogo kwamba wengi walicheza bila kujua kuna mtu hai nyuma ya sauti ile.

Mimi naimba taarabu kwenye harusi hapa Muscat. Wenzangu wananiambia nikitaka kutoka niimbe Kiingereza. Wewe unaonaje? (Dada wa Muscat)

Dada yangu, sikuoni wala sijakusikia, kwa hiyo nitakupa nilichokiona kwa wengine.

Wapo waliobadili lugha wakafanikiwa. Basia Trzetrzelewska, Mpoland mwingine, alihamia London mwanzoni mwa miaka ya 1980, akajiunga na kundi la Matt Bianco, kisha akauza sana albamu yake ya *Time and Tide* ya mwaka 1987, yote kwa Kiingereza. Ni kazi safi, yenye ladha ya Brazili, na simlaumu hata kidogo.

Wapo ambao hawakubadili chochote. Mwishoni mwa miaka ya 1920, mpiga fidla Karol Stoch alirekodi Chicago muziki wa watu wa milima ya Tatra, mkavu na wenye makali vilevile kama ulivyopigwa kijijini, na wahamiaji wenzake wakazinunua sahani hizo. Na ipo familia ya wanamuziki ya Trebunie-Tutki, ya milima hiyohiyo, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilirekodi na Twinkle Brothers, kundi la rege la Jamaika. Fidla za milimani na rege! Hakuna aliyemwachia mwenzake nafasi yake. Wajamaika walibaki Wajamaika, na wale wazee wa milimani waliimba kwa koo lililofunguka vilevile kama wanavyoitana kutoka mlima hadi mlima.

Dudziak ni njia ya tatu, na ndiyo ninayotaka uifikirie. Hakuimba Kipoland ili wenzake wa kwao wampende, wala hakuuza Kiingereza cha kukariri. Alijiuliza ana nini ambacho hakihitaji ruhusa ya lugha yoyote. Wewe unayo zile sauti za kuvuta na kutetema ambazo taarabu imekufundisha, unajua kuingia nyuma kidogo ya mapigo na kuwasubirisha watu. Mtu wa Oslo hajui Kiswahili, lakini akisikia hivyo atageuza shingo. Kiingereza jifunze kwa ajili ya kusoma mkataba kabla ya kutia saini.

Bibi yangu alikuwa akisema Arusha kulikuwa na kijiji cha Wapoland. Ndiko walikotoka hawa wanamuziki? (Msomaji, Moshi)

Bibi alisema kweli, ila hao ni Wapoland wengine. Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu mamia ya maelfu ya raia wa Poland mwaka 1940 na 1941, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Walioachiliwa walishuka hadi Uajemi pamoja na jeshi la Wapoland la Jenerali Anders, na kutoka huko maelfu ya wanawake, watoto na wazee wakaletwa kwa meli Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1942. Tengeru ilikuwa kambi kubwa kuliko zote, yenye watu wapatao 5,000. Nyingine zilikuwa Ifunda, Kidugala na Kondoa, na Uganda zilikuwa Masindi na Koja. Walikuwa na shule, makanisa na kwaya. Wengi waliondoka kwenda Uingereza, Kanada na Australia, lakini makaburi yao yapo Tengeru mpaka leo. Ukipita, ingia uyaone.

Nianze kusikiliza wapi? (Wasomaji kadhaa)

Msianze na "Papaya". Anzeni na *Newborn Light*, iliyorekodiwa Poland kabla ya safari: sauti yake na kinanda cha Adam Makowicz. Kisha albamu ya *Fusion* ya mwaka 1974. Halafu mtafuteni kwenye kundi la Vocal Summit la mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa na Bobby McFerrin, Jeanne Lee, Jay Clayton na Lauren Newton, wote waimbaji, hakuna chombo hata kimoja. "Papaya" iwe ya mwisho, na mtaisikia tofauti kabisa.