Mipira inatoka nje, na naona haya kuomba mechi

Dada, unasema umejiunga na klabu ya tenisi hapo Nairobi, kila ukipiga mpira unatoka nje, na unaona haya kuomba mechi kwa wazoefu. Hilo la kwanza si kosa lako peke yako. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unaruka mbali kuliko ungepiga Mombasa. Kanuni za tenisi zinaruhusu mipira maalumu kwa mahali palipozidi mita 1,219, kwa hiyo soma kopo la mipira kabla hujalipa, uone kama ndiyo hiyo. Ukiikosa, chukua yenye nukta ya kijani, ni ya polepole kidogo. Watakwambia ni ya watoto. Waache waseme. Nyuzi za raketi nazo mwambie fundi azikaze kiasi, zikilegea zinarusha mpira kama manati.

Kuhusu haya, usiombe mechi ya mmoja kwa mmoja. Omba kuwa wa nne kwenye mechi ya wawili kwa wawili. Jumamosi asubuhi hawakosekani watu watatu wanaochungulia getini wakimngoja mwenzao, na hapo hakuna anayeuliza kiwango chako. Ukianzisha, piga taratibu mpira uingie, kwa sababu kukosa mara mbili mfululizo ndiko kunakowachosha wenzako. Mpira ukigusa mstari ni ndani. Ukiwa na shaka kama umeingia, mhesabie mpinzani kuwa ni ndani. Na kopo jipya safari hii lete wewe, maana wanaohesabu hayo wapo.